Jinsi ya kuchora fonti yako ya stensili ya kijiometri, na pa kuitumia

Wengi wakitaka fonti ya stensili, yaani herufi zenye mipasuo kama zile zinazokatwa kwenye karatasi na kupigwa rangi, wanachofanya ni kuchukua fonti yoyote nene, wanaifungua kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape, wanapitisha mistari miwili mitatu katikati ya O na A na B, basi imeisha. Kwa mbali inaonekana poa, ila ukiandika nayo neno zima unaona kabisa kuna kitu hakijakaa, mistari inaelea tu, herufi moja imekatwa wima nyingine imekatwa kwa mshazari na hakuna sababu yoyote. Mi nasema hivi, stensili inaanza na daraja, herufi inafuata baadaye, na mwongozo huu wote nimeujenga juu ya hilo.

Daraja ni kile kipande cha karatasi kinachobaki pale ulipokata. Chukua manila, chora O, kata, tumbo la O, yaani ile sehemu ya ndani, linadondoka chini na unabaki na tundu la duara. Ili tumbo lisidondoke lazima uache kipande kinacholishikilia, juu na chini au kulia na kushoto. A, B, D, O, P, R zote zina hilo tatizo, na kwenye namba ni 0, 4, 6, 8 na 9. Kwenye kuta na magunia na madawati ya shule madaraja yalikuwepo kwa sababu ya kazi tu, hakuna aliyeyachora kwa urembo.

Mmoja wa watu walioligeuza hilo kuwa dizaini kamili ni msanii Josef Albers, pale shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus, Dessau, Ujerumani, miaka ya 1925 na 1926. Albers alianzia kwenye karakana ya vioo, na alphabeti yake ya stensili aliijenga kwa maumbo matatu tu: mraba, pembetatu ambayo ni nusu ya huo mraba, na robo duara ambayo nusu kipenyo chake ni sawa na upande wa mraba. Basi. Hakuna mstari mwembamba, hakuna kipindo cha mkono, ni vipande vizito vimepangwa na kati yao kuna nafasi. Angalia hapo kwenye nafasi, maana ndo siri yenyewe: daraja linafanya kazi ya tumbo. O haina tumbo tena, ina nusu mbili zinazotazamana na mpasuo katikati, jicho lako linamalizia lenyewe. Mwaka 1929 mbunifu wa fonti Paul Renner akatoa fonti ya Futura Black kwa kufuata wazo la aina hiyo hiyo, na mwenzake Jan Tschichold akatoa Transito mwaka 1931. Sasa usichanganye hizi na ile Stencil ya Kimarekani ya mwaka 1937 unayoiona kwenye maboksi ya jeshi na mabango ya sinema, ile ni herufi ya kawaida yenye vijiguu kwenye ncha zake, halafu imekatwakatwa, ni familia nyingine.

Tuanze kuchora

Programu ni mbili na zote za bure, Inkscape ya kuchorea na FontForge ya kutengenezea fonti yenyewe, zote zinafanya kazi hata kwenye laptop ya zamani isiyo na nguvu. Kwenye FontForge weka ukubwa wa em, yaani kimo chote cha fonti, uwe yuniti 1000: 800 juu ya mstari ambao herufi zinakalia na 200 chini yake. Halafu chukua karatasi ya miraba, kweli karatasi, uchore kwa penseli kwanza maana kwenye skrini utavutiwa kuanza kusogeza nodi, vile vidoti vinavyoshika mstari, kabla hujajua unachotaka.

Vipimo ninavyopenda ni hivi. Herufi kubwa urefu 720. Bloku moja, yaani ile nguzo nene ya herufi, upana 240. Daraja 60. Herufi ya kawaida ni bloku mbili na daraja katikati, 240 na 60 na 240, jumla 540. Kwa nini 60? Kwa sababu 60 ni sehemu moja ya 12 ya urefu, kwa hiyo ukiwa kwa fundi hupigi hesabu ndefu: herufi ya sentimita 12 daraja lake ni sentimita 1, herufi ya sentimita 6 daraja ni milimita 5, ya sentimita 3 ni milimita 2 na nusu. Ukienda chini ya 45 daraja linapotea kwenye uchapaji mdogo, ukizidi 90 herufi zinaachana na neno linakuwa rundo la vipande.

Robo duara yenye nusu kipenyo cha 240 mikono ya nodi zake, vile vishikio vinavyopinda mstari, iwe na urefu wa 133, hiyo inatoka kwenye kuzidisha nusu kipenyo mara 0.5523, na inafanya kazi kwa duara lolote. Usikadirie kwa jicho, mkunjo uliokosewa kidogo kwenye fonti nene unaonekana mpaka barabarani.

Herufi zenyewe. O ni bloku mbili ndefu, kila moja imeviringwa pembe zake mbili za nje, mpasuo wa 60 katikati toka juu mpaka chini. D ni hiyo hiyo ila bloku ya kushoto inabaki na pembe kali. I ni bloku moja. L ni bloku ndefu, daraja, halafu mraba mmoja chini kulia. U ni bloku mbili zimeungana chini, pembe za chini zimeviringwa, mpasuo unaingia toka juu. H mpasuo unaingia toka juu na mwingine toka chini, katikati pamebaki mwamba unaounganisha. M ina bloku tatu, upana 840, mipasuo miwili inatoka chini na mabega ya juu yameviringwa, W ni kinyume chake, mipasuo toka juu na viringo chini. N ni mstatili wenye mipasuo miwili ya pembetatu, mmoja unatoka juu upande wa kulia na mwingine unatoka chini upande wa kushoto. K ni bloku, daraja, halafu pembetatu mbili, moja juu moja chini, ncha zao zinaelekea katikati ya bloku na kati ya ncha na ncha unaacha 60.

A nakushauri uifanye pembetatu nzima, imejaa, na daraja moja la mlalo kwenye theluthi ya chini. Usiiwekee mpasuo wa wima. Kiswahili kina A nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, angalia tu MWANANYAMALA, zipo tano, kwa hiyo A yako ndo sura ya fonti nzima na ikiwa nzito vibaya kila neno litakuwa zito vibaya. Pembetatu inaleta hewa pembeni, inavunja mfululizo wa bloku. Ila ncha yake ya juu ipandishe yuniti kama 15 juu ya 720 au uikate butu kidogo, vinginevyo A itaonekana fupi kuliko wenzake ingawa kwenye rula iko sawa. O nayo izidi juu na chini kama yuniti 10. Hii wabunifu wa fonti wote wanafanya, hata wanaodai kwamba wanafuata jiometri tupu.

Sasa B, R, S, 3 na 8, hapa ndo sheria ya robo duara moja inapoanza kukusumbua. Ukitumia nusu kipenyo cha 240 kila mahali B inakuwa D iliyokatwa kati na hakuna atakayeisoma haraka. Mi hapa naivunja sheria bila kusita: upande wa kulia wa B nagawanya vipande viwili vya urefu wa 330 vyenye daraja la mlalo katikati, kila kipande nakiviringisha kwa nusu kipenyo cha 165, inakuwa na mashavu mawili kama B inavyotakiwa. S ni vipande viwili vya mlalo, cha juu kimeviringwa kushoto, cha chini kimeviringwa kulia, daraja katikati. Albers angekuwa mkali zaidi kwenye hili, ila yeye alikuwa anajaribu mfumo, wewe unaandika jina la duka na mteja lazima alisome akiwa ndani ya daladala inayotembea.

Jambo lingine dogo la jicho: daraja la mlalo linaonekana nene kuliko la wima hata kama yote ni 60. Punguza la mlalo liwe 55 au 56.

Q na X hatuzitumii sana lakini zichore, kuna majina ya watu na namba za magari. Na kuna ile alama ya ng', hii naomba uichukulie kwa uzito kabisa. NG'OMBE, NG'AMBO, MANG'OLA, bila hiyo alama umeandika kitu kingine. Watu wakitype kwenye simu au kompyuta mara nyingi wanapata alama iliyonyooka, wakitype kwenye Word inageuka yenyewe kuwa ile iliyojikunja, kwa hiyo zichore zote mbili, kwenye orodha ya herufi za FontForge namba zake ni U+0027 na U+2019, na uziwekee umbo moja, robo duara ndogo inatosha. Kuna fonti za kupakua za stensili ambazo hazina hii ya pili, ukiandika NG'OMBE programu inachomekea alama toka fonti nyingine, unapata kijistari chembamba katikati ya herufi nene, aibu.

Namba usizifanyie haraka. Mtu akikosea kusoma herufi moja kwenye jina atajua tu, ila akikosea tarakimu moja kwenye lipa namba hela imeenda kwa mtu mwingine. 0 iwe nyembamba kuliko O, mi naiweka 480. 1 iwe na bendera juu isifanane na I. 6 na 8 ziangalie kwa mbali, rudi hatua kumi nyuma toka kwenye skrini, kama unasita hata kidogo ongeza mpasuo wa 6 mpaka usisite.

Herufi ndogo sio lazima, fonti za namna hii zinapendeza kwa herufi kubwa tu. Ila usiache nafasi za herufi ndogo wazi, weka herufi kubwa zile zile mle, vinginevyo mtu akisahau kubonyeza kitufe cha herufi kubwa anapata viboksi vitupu anafikiri fonti imeharibika.

Nafasi kati ya herufi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa na ndo maana nakaa hapa kidogo. Ndani ya herufi tayari kuna mipasuo. Nje ya herufi kuna nafasi. Kama mpasuo wa ndani na nafasi ya nje vinalingana, msomaji hajui herufi inaishia wapi. Andika NYUMBA HII HAIUZWI, yale maneno tunayoyaona kwenye kuta huku Tanzania, halafu angalia HII. H ina bloku mbili, I moja, I moja, ukiweka nafasi ya 60 kote umejenga uzio wa mabati, hakuna neno pale.

Kwa hiyo nafasi ya nje lazima iwe kubwa kuliko daraja, mara moja na nusu mpaka mara mbili. Kwa daraja la 60 naweka 50 kila upande wa herufi iliyonyooka, zikikutana mbili inakuwa 100. Upande wa viringo weka 35. Upande wa pembetatu ya A weka 10 tu maana yenyewe inakuja na hewa yake. Nafasi ya kati ya neno na neno weka 280 hivi.

Halafu kerningi, yaani kurekebisha jozi moja moja. Ukiangalia miongozo ya Wazungu watakuambia AV, To, na nyingine ambazo kwetu hazijitokezi sana. Zetu ni WA, YA, KA, TA, LA, MWA, NYA, KWA, VYA, na G' kwenye ng'. Hizo ndo zinajirudia kwenye kila bango. LA ni ngumu hasa kwa sababu L ina uwazi mkubwa juu kulia na A ina uwazi juu kushoto, zikikutana panakuwa na shimo, hapo ingiza A ndani kama yuniti 40 au 50. Pima kwa maneno halisi: KARIAKOO, MBAGALA, MWANANYAMALA, GIKOMBA, MOMBASA, NG'AMBO, DHAHABU. KARIAKOO peke yake inakupa K, A mara mbili zikipishana na R na I, halafu OO mwishoni, ikikaa vizuri hiyo mengi mengine yatakaa.

Ukimaliza, ndani ya FontForge unganisha maumbo yanayopandana, rekebisha mwelekeo wa mistari, vipimo vyote viwe namba kamili, halafu pitisha ukaguzi kabla ya kutoa faili la fonti la OTF. Umbo moja ambalo halijafungwa linatosha kuifanya mashine ya kukatia ya leza isimame katikati ya kazi.

Kama hutaki kuchora kabisa, zipo za bure kwenye Google Fonts: Big Shoulders Stencil, Saira Stencil One, Allerta Stencil, Stardos Stencil. Sio zote za kijiometri, ila Big Shoulders inabeba kazi za mabango vizuri. Nyingi za pale zina leseni ya wazi ya OFL inayokuruhusu kuzitumia kibiashara na hata kuzibadilisha, ila huwezi kuiuza fonti yenyewe peke yake. Fonti ya kununua ni kesi nyingine, leseni zake mara nyingi haziruhusu kuikatakata na kuigawa kwa jina jipya, soma kabla hujagusa.

Pa kuitumia na pa kuiacha

Kwenye skrini fanya hesabu rahisi. Fonti ikiwa pikseli 16, daraja la yuniti 60 linakuwa chini ya pikseli moja, halionekani, unabaki na madoa meusi. Ikiwa 48 daraja linakaribia pikseli 3, hapo sawa. Kwa hiyo chini ya 48 usiitumie, maelezo ya chini na bei na anwani weka fonti nyepesi ya kawaida isiyo na mapambo, na usiweke fonti nyingine ya stensili pembeni yake. Neno moja mpaka matatu linatosha: jina la tamasha, kava la albamu, logo ya mgahawa, jina la ruti ubavuni mwa gari. Sentensi nzima inachosha. Na kwa kliniki ya mama na mtoto au kadi ya msiba tafuta kitu kingine, uzito huu unaongea kwa sauti kubwa.

Kwa kazi ya ukutani, karatasi nzuri kuliko zote kwa mafundi wetu ni filamu ya eksirei iliyotumika, haichaniki, hailowi, unaitumia tena na tena. Ila zioshe kwanza kwa jiki mpaka ile picha itoke yote, kwa sababu zina majina ya wagonjwa na hayo sio ya kutembezwa mtaani. Manila inafaa kwa kazi ya mara chache. Kata kwa wembe mpya, anza na vipande vidogo vya ndani ukimalizia na vikubwa, ukianza na vikubwa karatasi inalegea na vidogo vinachanika.

Na hapa kuna kitu ambacho ukiwa kwenye kompyuta hukioni. Herufi kama U na M na H mipasuo yake haipiti toka mwanzo mpaka mwisho, ukizikata kwenye karatasi ile mipasuo inakuwa ndimi ndefu nyembamba zilizoshikwa upande mmoja tu. Ulimi unanyanyuka, rangi inaingia chini yake, ukingo unavuja. Dawa yake ni kutengeneza toleo la pili la fonti kwa ajili ya kukata, ambalo mpasuo wa U unapita mpaka chini na kuwa daraja kamili, H unaondoa mwamba na kuweka kipande kidogo katikati chenye madaraja pande zote, hapo panua herufi mpaka upana wa 720 ili kipande kipate nafasi. Liite jina tofauti ili faili zisichanganyike.

Rangi iwe kidogo. Sponji la godoro, chovya, kamulia pembeni kwenye ubao mpaka libaki karibu kavu, halafu gonga gonga kwa wima, usisugue. Kama ni spreya simama sentimita 20 mpaka 30 kutoka ukutani, pitisha mara tatu nyepesi, subiri ikauke kati ya moja na nyingine. Ukuta wa plasta mbaya hautakupa kingo safi hata ufanyeje, ongeza daraja na ukubwa wa herufi badala ya kupigana nao.

Kwa fundi wa mageti, stensili inakusaidia kukata jina moja kwa moja kwenye bamba la chuma bila kuwa na vipande vya kuchomelea tena. Hapo daraja lisiwe chini ya mara tatu ya unene wa bamba, moto wa mashine ya plasma ya kukatia chuma unakula pembeni na daraja jembamba linapinda.

Kinyume chake, ukitaka herufi za akriliki za kubandika ukutani, ujue kila herufi sasa ni vipande viwili au vitatu vinavyojitegemea, kwa sababu madaraja yako ni hewa tupu. Albers mwenyewe baadaye alitengeneza herufi za vioo za namna hiyo, vipande vya umbo moja moja vya kupanga. Usimpe fundi mfuko wa vipande aende navyo saiti. Printi neno zima kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, weka alama ya mstari wa chini na katikati, ibandike ukutani kwa selotepu, toboa karatasi mahali pa kila kipande, kila kipande kiandike namba kwa nyuma na namba hiyo hiyo iwe kwenye karatasi. Aanze kubandika herufi ya katikati ya neno, aende kulia, arudi aende kushoto, na karatasi isitolewe mpaka gundi ikauke.